Kuchagua kisomeo cha vitabu ukiwa Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapotoa kisomeo changu, iwe kwenye foleni ya benki au nikisubiri boti pale Kibirizi, kuna mtu atasogea na kuuliza. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu yake. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Misingi

1. Kisomeo ni nini, na kina tofauti gani na kishikwambi?

Ni kifaa cha kusomea vitabu, basi. Kioo chake kina chembe ndogo sana nyeusi na nyeupe ambazo umeme huzisukuma kuja juu au kuzama chini, zikaunda herufi. Huo ndio unaoitwa wino wa kielektroniki. Ukurasa ukishajipanga hubaki hivyo bila kula umeme, ndiyo maana betri hukaa wiki kadhaa. Na jua la saa saba mchana ufukweni, ambalo hukifanya kioo cha simu kiwe cha kujitazamia uso, huyafanya maandishi ya kisomeo yazidi kuonekana.

Mtaani vyote vinaitwa "Kindle", kama tunavyoita sabuni yoyote ya unga Omo. Kindle ni vya Amazon, vilianza kuuzwa mwaka 2007. Vipo pia Kobo, kampuni iliyoanzia Kanada na sasa iko chini ya Rakuten ya Japani, vipo PocketBook, na vipo Boox vya China, ambavyo hutumia Android kama simu.

2. Mimi ni mwalimu, nina kishikwambi. Kuna haja ya kununua kitu kingine?

Huenda hakuna. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na kisha kugawiwa walimu vinafungua PDF, vinaonyesha rangi na vinaingia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa vitabu vya kiada, maandalio ya somo na mitihani iliyopita, kishikwambi kinakishinda kisomeo, na hela yako utaifanyia jambo jingine.

Kisomeo kina maana kwa mtu anayesoma kitabu kizima, ukurasa hadi ukurasa, kwa saa nyingi: riwaya, historia, maisha ya watu, dini. Ukijijua kwamba ukishika kishikwambi baada ya dakika kumi uko WhatsApp, hapo kisomeo kitakufaa sana, kwa sababu hakina pa kukimbilia. Mimi kilinirudisha kwenye kusoma baada ya miaka ya kuanza vitabu bila kuvimaliza.

3. Niambie tu kwa kifupi: kipi bora?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na mimi hulijibu kwa swali: vitabu vyako vitatoka wapi, na utavilipiaje? Watu hulinganisha vioo na betri, wakati vifaa vyenyewe vya bei moja vinakaribiana mno. Vinapopishana ni kwenye mlango wa kuingizia vitabu. Ukinunua kifaa kizuri ambacho vitabu vyako haviingii, umenunua kibao cha kukatia vitunguu.

Kwa hiyo: ukinunua riwaya za Kiingereza kwa kadi na hutaki usumbufu, chukua Kindle. Ukikusanya faili kutoka sehemu mbalimbali na kuzihifadhi mwenyewe, chukua Kobo au PocketBook. Kama vitabu vyako vinafunguka ndani ya programu ya simu tu, ni Boox, au ubaki na simu yako. Kama karibu vyote ni PDF za kurasa kubwa, usinunue chochote kabla ya kusoma swali la 5.

## Vitabu vyako vinatoka wapi?

4. EPUB, PDF, AZW3: haya ni madudu gani?

Ni aina za faili. EPUB ndiyo aina ya kawaida ya vitabu pepe duniani: maandishi hujipanga upya kulingana na kioo, ukikuza herufi mistari inajirekebisha. PDF ni ukurasa uliokwisha kupangwa, haukubali kujipanga tena. AZW3 ni aina ya Amazon.

Kobo na PocketBook ukizichomeka kwenye kompyuta hutokea kama flashi. Unadondosha EPUB ndani, kazi imekwisha. Kindle haifungui EPUB iliyowekwa kwa waya. Lakini tangu 2022 unaweza kuituma kupitia huduma ya Amazon ya Send to Kindle, kwa barua pepe au kwa tovuti yao, nayo huigeuza na kuileta kwenye kifaa kwa waifai. Kwa barua pepe mwisho ni MB 50, kwa tovuti MB 200.

Programu ya bure ya kompyuta inayoitwa Calibre hugeuza aina moja kuwa nyingine na kukupangia maktaba yako. Ukiwa na kisomeo chochote, iweke.

5. Vitabu vyangu karibu vyote ni PDF. Nichukue kipi?

Tupige hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha inchi 6 kina upana wa kama sentimita 9. Ukurasa mzima ukibanwa humo, herufi za ukubwa wa 12 zinakuwa kama za 5, yaani mwandishi aliyoyaandika unayaona kama mstari wa sisimizi. Ukikuza, unaanza kuusukuma ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari, na kioo cha wino ni kizito kusukuma. Nimewaona watu wawili wakiuza visomeo vyao ndani ya mwezi kwa sababu hii pekee.

Kuna njia za kupunguza maumivu. Kilaze kifaa usome kwa upana, nusu ukurasa kwa mara moja. Kata pambizo nyeupe. Kama ni mhadhara au ripoti, mwombe aliyeandika akupe faili la Word. Hilo hujipanga vizuri likigeuzwa. Kwenye Kobo na PocketBook unaweza kuweka programu ya bure ya KOReader, ambayo huchukua maneno ya PDF na kuyapanga upya kwenye kioo kidogo, na kwa kitabu cha safu moja inafanya kazi ya kuheshimika. Ila kitabu kilichopigwa picha kwa simu, kivuli cha mkono kikionekana na kurasa zimepinda, hakina dawa.

Kioo cha inchi 10.3 kina upana wa karibu sentimita 16, na herufi za 12 zinabaki kama za 8 au 9, sawa na gazeti. Hapo PDF inasomeka. Lakini vifaa hivyo ni ghali, vingi bei yake ni mara mbili au tatu ya kile kidogo. Mwanafunzi wa chuo mwenye makala za PDF, ushauri wangu ni mmoja: tumia kishikwambi hadi uweze kununua kikubwa. Usinunue cha inchi 6 kwa matumaini.

6. Nasoma zaidi Kiswahili. Nitapata vitabu?

Nitasema kweli, kwa kuwa jambo hili linaniuma: vipo, ila ni vichache kuliko tunavyostahili. Lugha inayosemwa kutoka Lamu hadi Kalemie, na bado kwenye maduka makubwa ya vitabu pepe utatafuta riwaya uliyoisoma sekondari usiione. Wachapishaji wetu wengi bado wanauza karatasi tu.

Pa kuanzia: Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ina baadhi ya vitabu vyake kwa njia ya kielektroniki, na eKitabu ya Nairobi inauza vitabu pepe vya Afrika Mashariki. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, bure na kwa leseni huria. Waandishi kadhaa wa hadithi huuza wenyewe kwa simu: unatuma pesa, unatumiwa faili.

Kabla ya kulipa popote uliza jambo moja: nitapewa faili, au nitasomea ndani ya programu yenu? Ukipewa faili, kisomeo chochote kinafaa. Ukiambiwa programu, Kindle na Kobo hazitaifungua kamwe. Utahitaji Boox au simu. Msomaji wa Kiswahili asiponunua Kindle atakosa machache. Akinunua kifaa kinachopokea EPUB moja kwa moja atajipunguzia hatua nyingi.

7. Nikinunua kitabu Amazon, naweza kukisomea kwenye Kobo?

Hapana. Vitabu vingi vya Amazon vina kufuli la hakimiliki linalovifunga kwenye Kindle na programu za Kindle. Zamani ungeweza walau kupakua nakala kwenye kompyuta na kuihamisha kwa waya. Amazon iliondoa njia hiyo tarehe 26 Februari 2025. Kobo nayo ina kufuli kwa vitabu vingi vya dukani kwake. Ndiyo maana nasema unapochagua kifaa unachagua na duka, na baada ya kununua vitabu hamsini kuhama ni kama kuhama nyumba na kuacha kabati.

8. Kwenye magrupu ya WhatsApp kuna PDF za riwaya zetu bure. Si nizitumie hizo?

Nyingi zimesambazwa bila ruhusa ya mwandishi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda. Lakini hata tukiacha sheria: mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo mno, na kila grupu la namna hiyo linampunguzia sababu ya kuandika kingine. Halafu tunalalamika kwamba vitabu pepe vya Kiswahili havipo (swali la 6). Sisaidii mtu kuziweka kwenye kifaa.

Ukitaka vya bure vya halali kwa Kiingereza, Project Gutenberg imekuwa ikiweka vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki tangu 1971, na inatoa EPUB.

## Kununua na kulipa

9. Sina kadi ya benki. Nitalipiaje vitabu?

Kadi pepe zinazotolewa kupitia huduma za pesa za simu zinakubalika kwenye maduka mengi ya nje: unahamisha fedha, unapata namba ya kadi, unalipa. Mwenye kadi ya benki ahakikishe benki imeifungulia malipo ya mtandaoni, maana nyingi huja zimefungwa. Njia nyingine ni kadi ya zawadi kutoka kwa ndugu aliye nje, ila iwe ya duka sahihi: mtu wa Tanzania kwa kawaida hununua amazon.com, na kadi ya zawadi ya Amazon ya Uingereza haitafanya kazi huko.

Anza na kitabu cha bei ndogo kujaribu njia yako ya malipo, kabla hujanunua kifaa. Duka linaweza kujaribiwa kwenye simu, kwa programu ya Kindle au ya Kobo, bila kutoa hata senti ya kisomeo. Huo ndio ushauri wenye faida kuliko yote humu, na ndio unaopuuzwa zaidi.

10. Kinapatikana wapi, na bei gani?

Kigoma sijakiona kipya dukani. Watu hukipata kwa njia tatu: ndugu anayerudi kutoka nje, wauzaji wa Dar es Salaam, au mawakala wanaokusanya mizigo ya mtandaoni na kuisafirisha.

Kwa kipimo, Kindle ya kawaida iliyotoka 2024 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 110, Kindle Paperwhite ya mwaka huo dola 160, na Kobo Clara ya nyeusi na nyeupe dola 130. Ukiagiza mwenyewe, ongeza usafiri, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine za forodha. Mwombe wakala akupe bei ya mwisho, mzigo ukiwa mkononi mwako, na aiandike.

Kindle za Marekani za bei ya chini kabisa huonyesha matangazo ya vitabu kifaa kikiwa kimelala. Hayaingii ndani ya kitabu.

11. Nimepata kilichotumika kwa bei nzuri. Nikague nini?

Hiki ndicho kilichonigharimu. Cha kwanza changu nilikinunua Dar kwa mtu, kikiwa safi, kava la ngozi, nikapanda nacho treni kurudi mwisho wa reli. Nilipofika nyumbani na kujaribu kukisajili, kikakataa: mwenyewe wa awali alikuwa ameripoti kwamba kimepotea, na kifaa kilichozuiwa hivyo hakisajiliki kwa mtu mwingine. Kikabaki cha kusomea faili za waya tu, na muuzaji simu yake haikupokelewa tena.

Kwa hiyo usilipe kabla ya kukisajili kwa akaunti yako hapo hapo, mbele ya muuzaji, ukitumia intaneti ya simu yako. Jina la mtu mwingine likionekana kwenye mipangilio, alitoe yeye mwenyewe. Kisha fungua ukurasa mweupe, uangalie michirizi au doa lisilofutika. Washa mwanga hadi mwisho gizani uone kama unasambaa sawa. Bonyeza pembe zote za kioo. Chomeka chaji uone inaingia. Tundu la chaji nalo litazame: vya zamani vina tundu la USB dogo la kizamani, vipya vina la Type-C kama simu za sasa.

## Kioo, mwanga na macho

12. Inchi ngapi? Rangi? Memori?

Kwa riwaya, inchi 6 au 7 zinatosha na zinaingia kwenye mfuko wa koti. Hakikisha kioo kina nukta 300 kwa inchi, maana wingi wa nukta ndio ukali wa herufi. Memori isikusumbue: GB 16 zinabeba maelfu ya vitabu vya maandishi.

Vioo vya rangi vipo, lakini rangi yake ni ya kupauka, na sehemu ya rangi huwa na nukta 150 tu kwa inchi. Kwa ramani na vitabu vya watoto vinasaidia kidogo. Kwa maandishi matupu nyeusi na nyeupe ni safi zaidi.

13. Mzee wangu haoni vizuri. Kitamfaa?

Sana, na hapa ndipo ninapokisifia bila kusita. Herufi zinakuzwa hadi maneno manne kwa mstari, zinakolezwa, na mwanga unaangukia juu ya ukurasa kutoka pembeni ya kioo badala ya kumpiga machoni. Vifaa vingi vinaruhusu mwanga kuwa wa manjano usiku. Babu mmoja wa Ujiji aliyekuwa ameacha kusoma kabisa alimaliza kitabu kwa wiki mbili baada ya mjukuu kumwekea herufi kubwa. Mwekee faili aina ya EPUB, si PDF (swali la 5), vinginevyo herufi hazitakua.

## Umeme, ziwa na safari

14. Kijijini kwetu umeme ni wa sola. Kitachajika?

Kitachajika. Betri yake ni ndogo kuliko ya simu, kwa hiyo taa ya sola yenye tundu la USB au pawabenki ya kawaida inatosha, na ukizima waifai utachaji mara moja au mbili kwa mwezi kutegemea unavyosoma. Sisi tuliokuwa tumezoea mji kuendeshwa kwa majenereta, hili halihitaji kuhubiriwa.

Usikiache kwenye dashibodi ya gari juani. Joto huua betri mapema.

15. Nikikidondosha ziwani?

Tazama kama kina alama ya IPX8. Chenye alama hiyo kimejaribiwa kwa dakika 60 ndani ya mita 2 za maji baridi yasiyo na chumvi, na Tanganyika ni maji baridi. Paperwhite za sasa na Kobo nyingi mpya zinayo. Kindle ya kawaida haina. Kikiloa, kifute na usichomeke chaji hadi tundu likauke kabisa. Na mita 2 ni mita 2: ziwa letu likishakuacha ufukweni linashuka haraka, kwa hiyo kwenye boti kifunge ndani ya mfuko wa nailoni.

16. Kinavumilia basi na treni?

Vumbi si tatizo kubwa. Kubanwa ndiko tatizo. Chini ya kioo kuna bamba jembamba la kioo halisi, na likipasuka hutaona ufa juu, utaona nusu ya ukurasa imeganda. Kubadilisha kioo mara nyingi hukaribia bei ya kifaa kingine. Nunua kava gumu siku ile ile, na kwenye basi kibebe mkononi, kisiwe kwenye buti chini ya debe la mawese. Kutoka hapa hadi Dar kwa reli ni kilomita kama 1,250, muda wa kutosha kumaliza kitabu na kuanza kingine.

17. Kisomeo hakioni intaneti ya simu yangu.

Visomeo vingi, hasa vya zamani na vya bei ndogo, huona waifai ya masafa ya GHz 2.4 tu, wakati simu mpya hurusha kwa GHz 5. Ingia kwenye mipangilio ya simu ya kurusha intaneti, chagua 2.4. Kitabu cha maandishi huwa na MB moja au mbili, hivyo bando dogo linatosha.

## Mambo ya pembeni

18. Biblia na msahafu je?

Kusoma kwa mfululizo nyumbani, vizuri. Kanisani, mhubiri akiruka kutoka Mwanzo hadi Waraka kwa Warumi, simu ina kasi zaidi. Msahafu wa PDF huonekana kama ulivyochapwa, ila kwenye inchi 6 irabu zinakuwa ndogo mno. Hapo kioo kikubwa kinahitajika.

19. Familia nzima inaweza kutumia akaunti moja?

Ndiyo. Visomeo kadhaa vinaweza kusajiliwa kwenye akaunti moja na kila kimoja kikapata vitabu vilivyonunuliwa. Weka namba ya siri kwenye cha watoto, maana kitufe cha kununua kinakata pesa bila kuuliza mara mbili.

20. Kwa nini Kiswahili kinaonekana na mapengo makubwa kati ya maneno?

Maneno yetu ni marefu. Neno kama "yatakayowashughulisha" lisipoenea mwisho wa mstari huhamia chini lote, na kifaa kinayatawanya yaliyobaki ili kujaza nafasi. Kwenye mipangilio ya maandishi, acha kunyoosha pande zote mbili na uchague kupanga kushoto. Kama maneno yanakatwa mahali pa ajabu, mara nyingi faili limeandikwa kwamba ni la Kiingereza. Lifungue kwenye Calibre, badilisha lugha iwe Kiswahili, ulirudishe.

21. Kikiibwa, vitabu vimepotea?

Vya dukani viko kwenye akaunti. Utavishusha kwenye kifaa kingine, na cha zamani ukiondoe kwenye akaunti siku hiyo hiyo. Faili ulizoweka kwa waya ndizo zinazokwenda na mwizi, kama hukubakiza nakala kwenye kompyuta. Zangu nimeweka sehemu mbili: kwenye kompyuta ya shuleni na kwenye flashi iliyoko nyumbani, ndani ya kopo la chai.